Punda anapigwa mbele ya genge langu, nikaposti video nikaishia kutukanwa mimi. Nifanyeje daktari?

SWALI (nimelifupisha, dada alituma voisi nne ndefu): Nina genge Chanika. Kila asubuhi mikokoteni ya maji inapita mbele yangu, na kuna kijana mmoja punda wake ana kidonda begani mpaka nyama nyekundu inaonekana. Wakifika kwenye kile kimlima cha pale kwetu punda anasimama, basi anapigwa na kipande cha bomba mpaka apande. Nikamrekodi, nikaposti. Video ikatembea kweli, ila nusu ya komenti wanamlaani kijana na nusu wananitukana mimi, eti mzungu mweusi, eti mpe wewe kazi basi. Kesho yake kijana akaja gengeni na wenzake wawili. Serikali ya mtaa nilienda wakacheka. Punda bado anapigwa. Nifanye nini ambacho kitasaidia kweli, au niachane nayo tu maana hata watu wenyewe wana shida?

JIBU:

Dada yangu pole, na hongera pia, maana wengi wangegeuza shingo wakaendelea kupanga nyanya mafungu. Ila nikwambie ukweli usinikasirikie, ile video ilikupa wewe watazamaji, punda haikumpa kitu. Na sikulaumu, mimi mwenyewe nilishafanya kosa hilohilo, tena nikiwa daktari wa mifugo kamili na gari la ofisi.

Ilikuwa mwanzoni kabisa mwa kazi, damu bado inachemka. Nikaona punda wa mchanga mgongo umeoza, nikasimamisha gari, nikamfokea kijana mbele ya watu, nikaita askari, punda akakamatwa akapelekwa kituoni. Siku hiyo nililala usingizi mtamu sana. Kumbe punda wa watu kafungwa kwenye mwarobaini uani, kivuli kinahama jua linamfuata, hakuna aliyempa maji wala majani mpaka kesho yake mchana, maana pale kituoni hakuna mtu ambaye kazi yake ni kulisha punda, na mimi niliyemkamatisha nilishasahau niko kwenye mambo mengine. Siku ya tatu mwenye punda akaja wakamalizana wanavyojua wao, punda akarudi kazini. Kilichobadilika ni kimoja tu, sasa mchanga wakawa wanabeba usiku. Yaani kazi yangu yote ile ilimtoa mnyama mchana ninapomwona ikampeleka usiku nisipomwona.

Toka hapo kabla sijafungua mdomo najiuliza, hiki ninachotaka kufanya nikishakifanya, huyu mnyama kesho asubuhi atakuwaje? Kama jibu ni atakuwa vilevile ila mimi nitajisikia vizuri, nakaa kimya kwanza natafuta njia nyingine.

Sasa tuje kwa punda wako. Swali la kwanza ambalo hukulijibu kwenye voisi zote nne: yule punda ni wa nani? Nina uhakika wa karibu wote kwamba sio wa yule kijana. Hiyo biashara inaenda kama bodaboda, kuna tajiri ana punda wanne watano na mikokoteni, kijana anachukua asubuhi, jioni anapeleka hesabu. Hesabu isipotimia kesho punda anapewa mwingine. Kwaiyo yule unayemuona na bomba mkononi anahesabu madumu kichwani, kashauza kumi na mbili bado nane, na kidonda sio chake, punda sio wake, akifa yeye atahamia kwenye toroli. Umemrekodi mtu ambaye hata akitaka kumpumzisha yule mnyama wiki mbili hana mamlaka hayo. Anayeweza ni yule anayepokea hesabu, na huyo hukumrekodi, hakutukanwa na mtu, yuko kwake anakunywa kahawa. Mtafute huyo. Gengeni kwako unapitisha watu wote wa mtaa, huwezi kukosa wa kukwambia.

Halafu kabla hujaenda kwa tajiri uende unajua unachokiongea, maana ukimwambia "unamtesa mnyama" atakujibu amezaliwa amekuta punda wanabeba, mazungumzo yameisha. Nenda na kidonda. Hapa niruhusu nirefuke kidogo maana ndo kazi yangu.

Kidonda cha begani au juu ya shingo mara nyingi ni nira. Watu wetu wametoka bara wamezoea ng'ombe, na ng'ombe wetu wana nundu, nira inakaa mbele ya nundu inatulia, ng'ombe anasukuma. Punda hana nundu! Ukimvika ile nira inakaa kwenye mfupa mtupu, inacheza mbele nyuma kila hatua, ngozi inalika, jasho linaingia, vumbi linaingia, siku ya nne ni kidonda. Punda anatakiwa avute kwa kifua. Mkanda mpana unapita kifuani chini ya koo ila juu ya pale miguu inapoanzia, usimkabe pumzi wala usimzuie kutembea, upana wake angalau kiganja. Halafu mkanda mwingine wa mgongoni ndo unashika mikono ya mkokoteni, na mmoja unapita nyuma ya mapaja ili kwenye mteremko mzigo usije kumgonga miguu. Fundi yeyote wa maturubai au wa viti vya magari anakushonea, turubai nene limekunjwa mara mbili tatu, ndani blanketi kuukuu la pamba. Kamba ya manila hapana, inakata kama waya. Gunia la nailoni hapana. Niliwahi kufunua gunia walilomwekea punda mmoja kama godoro, likatoka na ngozi, na harufu ile kijana mwenyewe mwenye punda aligeuka pembeni akatapika, alikuwa hajawahi kulitoa tangu alipoliweka.

Na kile kimlima. Watu wanasema punda ni mkaidi. Punda akiogopa au akiumia hakimbii kama farasi, anasimama, ndivyo alivyoumbwa. Sasa fikiria mkokoteni wa magurudumu mawili umepakiwa madumu mpaka nyuma, ukianza kupanda mzigo wote unaegemea nyuma, mikono inanyanyuka juu, kamba ya tumboni inambana, na kila anachovuta kinakaa palepale kwenye kidonda. Anasimama kwa sababu hapo ndo panauma kuliko sehemu nyingine yote ya safari. Bomba linamfanya achague maumivu gani. Ukitaka kuhakikisha muulize kijana, huyu punda anasimama wapi na wapi? Atakutajia vilima vyote.

Mzigo nao piga hesabu mbele ya tajiri, watu wa biashara wanaheshimu hesabu. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu 20 ni kilo 400, bado mkokoteni wenyewe wa chuma. Punda wetu mkubwa ana kama kilo 150. Kwenye tambarare, tairi zimejaa upepo, anaweza kuvuta mzigo unaomzidi uzito sana tu, gurudumu linasaidia. Kwenye mchanga au kilima haiwezekani kwa mzigo uleule. (Mgongoni bila mkokoteni ndo kabisa, usizidi theluthi ya uzito wake, kama kilo 50.) Kwaiyo dawa ya kile kilima sio lazima iwe kubwa, madumu sita yashushwe chini wapande nayo raundi ya pili, au vijana wawili wasukume kwa nyuma, mzigo upakiwe usawa wa ekseli usilundikwe nyuma, na tairi zijazwe upepo. Tairi imelala nusu halafu punda ndo anapigwa, hili naliona kila wiki na linaniudhi kuliko hata bomba maana pampu ni ya kuazima tu kwa fundi baiskeli.

Kidonda chenyewe: maji yachemshwe, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, yapoe, kioshwe asubuhi na jioni kwa kitambaa safi, nzi wafukuzwe. Wasipake oili chafu, wasipake maji ya betri, hivi vyote nimeviona kwa macho yangu na vinachoma nyama iliyobaki nzima. Apumzike mpaka kikauke, ikishindikana kabisa basi avute kwa mkanda ambao haugusi pale. Na wamuite mtu wa mifugo amchome sindano, maana punda na farasi wanashikwa na tetenasi kirahisi kuliko wanyama wengi, na hebu angalia lugha yetu wazee walivyokuwa na macho, ugonjwa wenyewe tunauita pepopunda mpaka leo hata ukimshika mtoto mchanga.

Ukiwa na hayo kichwani unamwendea tajiri. Usiende peke yako na usiende na kundi, nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimika naye, imamu, mzee wa kanisa, balozi. Msalimie vizuri, shikamoo yake mpe. Usitaje video. Ongea mtaji. Mwambie yule punda wako mwenye kidonda anakufa huyu, na punda siku hizi sio wa kuokota. Yeye analijua hilo kuliko wewe, maana ile biashara ya ngozi za punda kwenda China kuchemshwa gundi ya dawa, ile ejiao, ilimaliza punda huko Dodoma na Shinyanga mpaka serikali ikapiga marufuku kuwachinja kwa biashara hiyo Desemba 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika pale Addis Ababa nao wakakubaliana kuizuia bara zima. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja. Sio kuku huyo. Tajiri akishaona kwamba unaongelea mali yake anakaa vizuri kwenye kiti.

Kama ni mtu wa dini, na Chanika wengi ni watu wa dini, hutakiwi kuleta maneno ya haki za wanyama yakamfanya aone umetoka nayo Ulaya. Yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa akaingia motoni kwa ajili yake, na yule aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, hizo kazisikia tangu madrasa. Mkristo naye ana Mithali 12:10, mwenye haki anaangalia uhai wa mnyama wake. Yule aliyekuita mzungu mweusi unamjibu na chuo alichosoma yeye mwenyewe, tena bila kumjibu.

Na hapo hapo nikujibu lile la "watu wenyewe wana shida". Dada, ni shida ileile. Kijana wa hesabu, punda wa kidonda, mama anayesubiri dumu la maji kwa sababu bomba halitoki, wako kwenye foleni moja. Sijawahi kukutana na mtu aliyeniambia tushughulike na watu kwanza halafu nikamkuta kweli anashughulika na watu, labda we umemkuta. Wanaosaidia watu mara nyingi ndo haohao utawakuta wanamwekea paka maji.

Sasa inawezekana tajiri akakufukuza. Wapo. Hapo ndo tunaingia kwenye sheria, na hapa ndo simu yako itakuwa na kazi, ila sio kazi uliyoipa.

Sheria tunayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008, na watu wengi hata watendaji hawajui kama ipo, ndo maana walicheka. Kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana kidonda, kumnyima chakula na maji, vyote hivyo ni makosa. Imesimama kwenye zile haki tano ambazo dunia nzima inazitumia, mnyama asikae na njaa na kiu, asikae pasipofaa, asiachwe na maumivu na magonjwa, aweze kuishi kwa tabia yake, asiishi kwa hofu. Zilianzia Uingereza kwenye ripoti ya kamati moja ya mwaka 1965 iliyokuwa inaangalia mifugo inavyofugwa viwandani, leo ziko kwenye sheria yetu sisi.

Usiende na mdomo. Nenda na karatasi. Andika barua ukurasa mmoja kwa mtendaji wa kata, nakala kwa afisa mifugo wa kata, nakala kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, kwa nyinyi wa Chanika ni Jiji la Dar es Salaam. Taja sheria kwa jina na namba yake. Taja tarehe, saa, mahali, umeona nini, mara ngapi. Peleka mwenyewe na nakala yako wakugongee mhuri wa kupokea, hicho kimhuri ndo silaha yako, maana barua yenye mhuri mtu akiulizwa juu lazima aseme aliifanyia nini, voisi na malalamiko ya mdomo hayaulizwi na mtu. Baada ya siku saba rudi na nakala yako uulize kwa upole. Baada ya nyingine saba rudi tena. Upole uleule. Mashirika yapo pia, TSPCA na TAWESO wanashughulika na ustawi wa wanyama hapa kwetu, watumie nakala ya barua hiyohiyo, usiwatumie klipu tu na emoji ya kulia.

Picha piga hivi: kidonda kwa karibu, mkokoteni mzima ukiwa na mzigo madumu yahesabike, kile kilima, bomba. Sura ya kijana hapana. Piga siku tatu nne tofauti, maana picha ya siku moja atasema kaumia jana alijikwaruza kwenye uzio, picha za Jumatatu Jumatano na Ijumaa kidonda kilekile na mzigo uleule hana la kusema. Na usiziposti. Ukianika sura ya mtu na jina lake mtandaoni unampa nafasi akugeuzie kibao, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, badala ya kesi ya punda inakuwa kesi yako na yeye. Na hata bila kesi, kijana aliyeaibishwa mbele ya watu elfu kumi hawezi tena kurudi nyuma, akirudi ataonekana kashindwa na mwanamke wa genge. Umemfungia mlango mwenyewe.

Ile video ifute, halafu mpelekee kijana salamu kwamba umeifuta. Najua inauma. Ila wale waliokuja gengeni hawakuja kwa sababu ya punda dada, walikuja kwa sababu ya sura.

Kuna mzee mmoja wa zamani namkumbuka nikifika hapa, Richard Martin, mbunge wa Ireland kwenye bunge la Uingereza, ndo alipitisha sheria ya kwanza kule ya kuzuia ukatili kwa mifugo mwaka 1822. Inasimuliwa kesi mojawapo ya mwanzo ilikuwa ya muuza matunda wa mtaani aliyempiga punda wake, mahakamani watu wanacheka tu kama walivyocheka hao wa serikali ya mtaa wako, basi Martin akamleta punda mwenyewe, mahakimu wakaona vidonda kwa macho yao, kicheko kikakata. Na wanasimulia pia kwamba mtu akihukumiwa akaonekana ni maskini kweli, Martin alikuwa anamlipia faini kutoka mfukoni mwake! Wenzake waliona ana wazimu. Mimi naona ndo alikuwa ameelewa kazi.

Mwingine wa karibuni zaidi ni Henry Spira, Marekani. Mzaliwa wa Antwerp, aliwahi kuwa baharia, baadae mwalimu wa sekondari New York. Mwaka 1976 aligundua kwamba jumba kubwa la makumbusho ya viumbe pale New York lilikuwa linakata paka viungo na mishipa ya fahamu ili kuangalia tabia zao za kupandana, kwa hela ya serikali, kwa miaka kama ishirini. Sasa angalia alichofanya. Hakuanza na wanyama wote duniani, alichukua jambo moja, mahali pamoja, ambalo mpita njia yeyote akielezwa anashangaa. Aliomba nyaraka zao kisheria akazisoma, akawa anajua majaribio yao kuliko wao. Aliwaandikia kwanza wakae waongee. Walipomdharau ndo akaweka watu mlangoni kila wikiendi, zaidi ya mwaka, mpaka mwaka 1977 yale majaribio yakaisha. Halafu akaenda kwa Revlon, kampuni ya vipodozi iliyokuwa inawatilia sungura kemikali machoni, hakuwaambia fungeni kampuni, aliwaambia toeni sehemu ndogo ya mapato yenu mtafute njia nyingine ya kupima. Wakamzungusha. Aprili 1980 akatoa tangazo ukurasa mzima kwenye New York Times, na kabla mwaka haujaisha Revlon wakatangaza dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta hiyo njia nyingine. Umeona mpangilio? Tangazo, yaani ile video yako, lilikuja mwisho, baada ya kuongea kushindikana, na lilipokuja lilikuwa na ombi moja linalotekelezeka. Video yako ilikuja mwanzo na haikuwa na ombi. Ilisema tu jamani oneni.

Kwako ombi ni hili: punda mwenye kidonda apumzishwe, nira itoke ije mikanda ya kifua, madumu yapunguzwe pale mlimani. Mambo matatu. Ukimwambia tajiri, mtendaji, afisa mifugo, imamu, wote waambie hayohayo matatu, usiongeze la nne.

Sasa nisieleweke vibaya, yapo mambo ya kutokwenda kunywa nayo kahawa na mtu. Mtu kamwagia mbwa maji ya moto kwa makusudi, kamtilia paka wa jirani sumu kwenye dagaa, vijana wanamchoma mnyama wanacheka. Hapo hakuna cha mtaji wala elimu, hapo ni polisi siku hiyohiyo, unachukua RB. Kuua au kujeruhi makusudi mnyama wa mtu ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, mbali na hiyo sheria ya 2008. Kama kafa kwa sumu usimzike, vaa mfuko mkononi, mweke kwenye mfuko mwingine na barafu, mpeleke kwa daktari wa mifugo achunguzwe, na kile chakula kilichobaki kifunge pembeni usikiache uani maana watoto wanaokota. Bila ripoti ya daktari kesi hiyo inakufa yenyewe.

Na kwa kuwa nimetaja sumu, wapo wanaoniuliza kuhusu mbwa wa mitaani na kichaa cha mbwa, wanasema wauawe tu. Ukiwaua wanaingia wengine kutoka mtaa wa pili ambao nao hawajachanjwa, umerudi mwanzo. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja, wakifika mbwa 7 katika 10 kila mwaka ugonjwa unakosa pa kupita. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na huwa kuna chanjo sehemu nyingi, ukitaka kutetea mbwa wa mtaani kwako siku hiyo wabebe wakachanjwe, jirani akishajua mbwa wa pale wamechanjwa hata jiwe halishiki haraka.

Uliuliza pia juujuu kuhusu kuku wa bodaboda wanaoning'inizwa vichwa chini. Ni kweli wanateseka, kuku hana ule ukuta wa nyama unaotenganisha kifua na tumbo kama sisi, ukimgeuza matumbo yote yanalalia mifuko yake ya hewa, ndo maana unaona mdomo wazi. Wewe ni mteja wao, mwambie tu muuza kuku wako kwamba walioletwa kwenye tenga ndo unanunua. Hilo halihitaji barua.

Kwa wiki hii basi fanya mawili, futa video na ujue nani anapokea hesabu. Kwa tajiri usiende bado. Picha ya kile kidonda ukiipata kwa karibu, mchana, bila sura ya mtu, nitumie mimi kwanza nikuangalizie kama ni nira au ni kamba, maana ukienda kumwambia nira kumbe kamba atakucheka na yeye, na hapo itabidi tuanze upya.